Kikopo cha Foong

Shangazi Kiew alikuwa mkaidi. Naanza na hilo kwa sababu tangu afariki watu wa Ipoh wamemgeuza mwenye hekima, wanamtaja kwenye meza za kahawa kana kwamba aliyaona yajayo. Hakuona kitu. Mimi ndiye niliyemnunulia hisa kwa miaka kumi na minne, na nawaambia, alikuwa mama mmoja mbishi, asiyebadilisha neno lake hata ungemlilia.

Jina lake kamili lilikuwa Yap Kiew Lan. Alikuwa mjane, na aliuza choroko zilizochipuzwa sokoni. Nyuma ya nyumba yake pale Pasir Pinji alikuwa na mitungi ishirini ya udongo. Unaloweka choroko, unazitia mtungini, unafunika kwa gunia bichi, na kila baada ya saa nne unamwaga maji juu ya gunia hilohilo. Siku ya tano unatoa chipukizi nyeupe, nene, tamu. Sharti ni moja tu, usifunue kuchungulia. Mwanga ukiingia zinageuka kijani na kuwa chungu, na hakuna mpishi wa mji huu atakayezigusa. Shangazi Kiew aliwahi kumchapa mwanawe wa kiume kwa kufunua mtungi, na kijana alikuwa na miaka kumi na saba.

Hisa alizinunua vilevile. Kila tarehe kumi na tano ya mwezi wa Kichina, siku ambayo hakula nyama, alianzia hekaluni kuchoma ubani, kisha akaja kwenye ukumbi wetu wa hisa na bahasha ya ringgit mia sita. Kama siku hiyo soko limefungwa, alikuja siku inayofuata. Ukumbi ule ulikuwa na viti sitini vikielekea ubao mkubwa wa bei, na watu walikaa humo kutwa nzima wakiutazama kama wanaosubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Yeye alikigeuza kiti chake, akaupa ubao mgongo, akanikabidhi bahasha.

"Kama kawaida, Ah Meng."

"Shangazi, huulizi hata bei?"

"Nikiuliza itashuka?"

"Haishuki."

"Basi andika."

Kama kawaida maana yake ilikuwa kampuni tatu: ya michikichi, ya saruji na ya biskuti. Hisa ziliuzwa kwa fungu la elfu moja, kwa hiyo zikiwa ghali nilimlimbikizia bahasha tatu au nne mpaka fungu litimie. Hakuuza hata moja. Gawio likija, nalo lilinunua hisa.

Siku zote alikuja na binti yake Foong, aliyebeba mwavuli. Foong alizaliwa na akili ya polepole. Mwaka ninaouzungumzia, 1997, alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alikuwa hajui kusoma wala kurudisha chenji, lakini ukimwonyesha kazi moja ataifanya vilevile mpaka siku ya kiyama. Yeye ndiye aliyemwagilia ile mitungi. Hakuwahi kuchelewa, na hakuwahi kuchungulia.

Hisa zilikuwa za Foong. Shangazi Kiew alinieleza mara moja tu, mwaka wa kwanza, na hakurudia.

"Nikifa, huyu atakula nini? Hin ni mtoto mzuri, lakini ana mke." Hin alikuwa mwanawe yule wa mtungi, ana duka la vipuri vya pikipiki. "Sitaki Foong awe mzigo kwenye meza ya mtu. Nataka awe na chake, alipe anapolala, ale anachotaka. Hizo ndizo hisa zangu. Usiniletee habari nyingine."

Mapema mwaka 1997 hicho chake kilikuwa kimefika ringgit laki mbili na kitu. Muuza choroko! Mimi dalali mwenyewe, na tai yangu shingoni, sikuwa na hata robo ya hiyo.

Kisha Julai ikaja, sarafu yetu ikaanguka, na soko likaifuata.

Sina hamu ya kusimulia yale yote. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo ataona natia chumvi. Kila siku ubao ulikuwa mwekundu kwa bei zilizoshuka, wiki baada ya wiki, na kila mara mtu alisema sasa tumefika chini kabisa, kesho yake tukakuta kuna chini nyingine. Ukumbi uliokuwa na kelele kama mnada wa samaki sasa ndani yake unasikia mtu akimeza mate.

Aliyekuwa bado na mdomo ni Bwana Muthiah, karani mstaafu wa reli, aliyekaa safu ya mbele miaka yote. Muthiah alicheza mchezo wa siku tano. Unanunua asubuhi bila senti mfukoni, unauza kabla siku ya kulipa haijafika, unabaki na faida. Soko likipanda ni raha tupu. Likishuka, unadaiwa, na ukitoweka ninadaiwa mimi dalali wako.

"Mama Choroko amekuja!" alipiga kelele tarehe kumi na tano ya mwezi wa tisa wa Kichina. "Kaeni chonjo, ubao unapasuka sasa hivi! Mama, mara tatu umekuja, mara tatu tumezama. Hebu mwezi mmoja ubaki nyumbani na mitungi yako, tupumue."

"Muthiah," akajibu bila kugeuka, "mimi nanunua kwa pesa. Wewe unanunua kwa mdomo. Sasa nani mwenye mkosi?"

Watu walicheka, lakini si kicheko kizuri. Mwezi uliofuata nikaona viti vilivyomzunguka viko wazi. Walikuwa wamemhama. Watu wazima, wengine wana wajukuu, walihama viti kwa sababu mama mmoja ananunua wakati wao wanauza, na walihofia mkosi wake utawarukia. Foong aliviona viti vile vitupu akafurahi, akaweka mwavuli kwenye kimoja na viatu vyake kwenye kingine.

Nikiri na langu. Desemba ile niliogopa. Laki mbili zake zilikuwa zimebaki elfu sabini, na kila nilipomwona akipanda ngazi na bahasha yake nilitamani kumrudisha. Nikamvuta pembeni.

"Shangazi, uza. Uza japo nusu. Tukifika chini nitakwambia, utanunua tena."

"Utajuaje kwamba ni chini?"

Nikautazama ubao.

"Ah Meng, mtungi wangu wa sita uko siku ya ngapi leo?"

"Mimi nitajuaje?"

"Basi usinifundishe kupika wakati hujui hata moto uko wapi." Akanisukumia bahasha. "Michikichi imeacha kuzaa? Watu wameacha kula biskuti? Zamani bahasha nne zilinunua fungu moja. Sasa?"

"Moja inatosha, na chenji inabaki."

"Chenji itie mwezi ujao. Unalia nini?"

Nilikuwa silii. Niliona aibu, na aibu ile ilinichoma kwa sababu alikuwa anasema mambo niliyoyasoma mimi vitabuni na kuyafanyia mtihani, na yeye darasa la nne hakulimaliza.

Februari ya 1998, baada ya mwaka mpya wa Kichina, alikuja amekonda. Uso wake ulikuwa wa manjano hadi kwenye weupe wa macho. Akakaa, na kwa mara ya kwanza hakukigeuza kiti. Akautazama ubao muda mrefu. Foong, aliyezoea mambo yaende yalivyo, alimshika bega akajaribu kumgeuza.

"Wacha, mwanangu," akamwambia. Kisha akaniuliza, "Zitachukua muda gani kurudi?"

"Sijui, Shangazi. Labda miaka mitatu. Labda mitano. Tuseme kumi kwa usalama."

"Daktari amenipa mpaka siku ya wafu ya mwezi wetu wa saba, kama nitafika. Ni ini."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na wale wa meza za kahawa hawapendi kuufikia. Uvumilivu wote ule, kutouza, kutotazama, kununua wengine wanapokimbia, unafaa kwa mwenye muda. Yeye muda ulikuwa umemwisha, na alikuwa na mtu anayeuhitaji kuliko yeyote katika ukumbi ule. Akiuza siku hiyo, Foong angepata elfu sitini, za miaka michache. Asipouza, ni lazima mtu mwingine asubiri badala yake.

Alikigeuza kiti. "Kama kawaida," akasema. Akanipa bahasha.

Mwezi uliofuata alikuja na Hin. Alikuwa ameamua kuziandikisha hisa zote kwa jina la Hin akiwa hai, maana angekufa nazo korti ingezikalia miaka. Hin alikuwa na miaka arobaini, mwili mkubwa, mikono yenye grisi isiyotoka. Mama yake akamkalisha mbele yangu.

"Sema mbele ya Ah Meng."

"Mama, si nimeshasema nyumbani."

"Nyumbani hakuna shahidi. Sema."

"Sitauza kwa miaka kumi."

"Hata zikiwa nini?"

"Hata zikiwa karatasi ya kufungia karanga." Hin akaanza kulia, mtu mzima, machozi yakimdondokea mikononi. "Naapa, Mama. Miaka kumi, kisha Meng azifungue, zote ni za Foong."

Nilimwamini. Mpaka leo naamini kwamba wakati ule alikuwa anasema kweli.

Shangazi Kiew hakuishia kwa Hin. Nyumbani alihesabu miezi ya miaka kumi kwenye kalenda ya Kichina, pamoja na ile mitatu ya ziada inayoingizwa kati ili kalenda isiachwe na majira, akapata mia moja na ishirini na mitatu. Akahesabu choroko mia moja na ishirini na tatu, akazijaribu kwenye vyombo vyake vyote, vikombe, vibweta, vifuniko, mpaka akapata kikopo cha dawa ya kuchua mgongo ambacho zilikijaza barabara. Akazimwaga, akampa Foong kikopo kitupu.

"Kila kumi na tano, moja," akamfundisha. "Kikijaa, unampelekea Ah Meng, anafungua mtungi wako. Kabla ya hapo?"

"Tusichungulie," Foong akajibu.

Kumi na tano ya mwezi wa Kichina, iliyoangukia Julai nane, hakuja yeye. Alikuja Foong peke yake, na mwavuli, na bahasha. Akakigeuza kiti cha mama yake kikaupa ubao mgongo, kisha akakaa kwenye chake. "Kama kawaida, Ah Meng." Wiki moja baadaye Shangazi Kiew akafa, mchana, wakati Foong akimwagilia mitungi.

Nilikwenda mazishini. Muthiah naye alikuja, akasimama mlangoni bila utani wowote, akaweka bahasha yake nyeupe ya rambirambi, akaondoka. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa ameuza bangili za mkewe. Ukumbini hakurudi tena, na madeni yake ya mchezo wa siku tano yaliangukia shingoni mwangu.

Sisi tunahesabu siku arobaini na tisa. Kila siku ya saba inaombewa, na ya saba ya saba ndiyo ya mwisho, marehemu anavuka, mambo yake yawe yamekwisha. Ya Shangazi Kiew iliangukia Septemba mosi, na Septemba mosi mwaka ule ilikuwa katikati ya mwezi wa mizimu, mwezi wa saba wetu, ambao milango ya kuzimu iko wazi na wafu wasiotulia wanazurura. Katika mwezi huo hatununui nyumba, hatuozi, hatufungui duka. Kufanya biashara kubwa ni kujitafutia balaa.

Asubuhi ya siku hiyo Hin aliingia ukumbini na macho mekundu kama pilipili. Tulikuwa watu wanane tu katika viti sitini.

"Kaka Meng, uza zote."

"Zote nini?"

"Hisa za Mama. Leo. Kabla ya saa kumi na moja."

Nikamkalisha. Nikampa chai. Akaeleza maneno yakigongana. Mke wake alikuwa amemwota Mama mara tatu, amekaa ukumbini, ameupa mlango mgongo, hasogei. Walikwenda kwa mwaguzi, na mwaguzi akasema mama huyu ana karatasi zimemfunga miguu, hajavuka, na zisipokatwa leo, siku ya arobaini na tisa, na milango hii iko wazi, atabaki akizurura.

"Hin, uliapa. Mimi nilikuwepo."

"Niliapa kwa aliye hai! Sasa amekufa, anateseka, wewe unaniambia habari za kiapo?" Akapiga meza. "Kila siku zinashuka, Meng. Kila siku! Ijumaa elfu arobaini na tano, leo je? Nikingoja mpaka ziwe sifuri nitamwambia nini Foong? Na Mama je, nimwache akiwa amefungwa?"

"Nipe siku moja. Rudi kesho, tuzungumze ukiwa umelala."

"Kesho ni siku ya hamsini."

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema simu za soko kule Kuala Lumpur zimekatika, au kuna karatasi haijatiwa sahihi. Uongo wa siku moja tu ungetosha, na mimi nilikuwa nimedanganya watu kwa sababu ndogo zaidi. Lakini nilikuwa nimechoka, na Muthiah alikuwa ameniacha na madeni, na mauzo yale yangenipa kamisheni ya kwanza ya maana katika miezi mitatu. Na pia, niseme ukweli, mwaguzi alinitisha hata mimi. Nilimwona Shangazi Kiew kwenye kile kiti, na mgongo wake.

Niliuza. Saruji ilikwenda, biskuti ikaenda. Michikichi ikasuasua, kwa sababu nani anunue mwezi wa mizimu, siku kama ile? Mafungu sita ya mwisho hayakupata mtu hata kwa sen hamsini na mbili. Saa kumi na nusu nikayanunua mwenyewe, kwa jina langu, kwa akiba ya ada ya shule ya wanangu. Nikajiambia ni ya Foong, namshikia tu. Yote kwa jumla yalifika elfu arobaini na moja. Hin alishika karatasi ya mauzo kwa mikono miwili, akainama kuelekea kile kiti, akanong'ona, "Nenda, Mama. Nenda salama."

Siku ile ndiyo ilikuwa chini. Chini yenyewe, ile niliyosema nitamwambia tukifika. Wiki iliyofuata zilipanda, na iliyofuata zikapanda, na hazikurudi tena pale hadi leo.

Hin hakuwa mwizi, na ninagombana na wanaosema hivyo. Hakula hata senti. Aliziweka zote benki kwa ajili ya Foong, zikawa zinamlipia. Lakini mwaka uliofuata alikuja ukumbini siku moja akasoma ubao kwa dakika kumi, midomo ikihesabu, kisha akaniuliza, "Mwaguzi hakujua?" Nikamwambia mwaguzi ni mwaguzi. Akatoka, na tangu siku hiyo akiniona barabarani anavuka upande wa pili.

Foong alikuja Oktoba ya 1998, siku ya keki za mwezi, kumi na tano ya mwezi wetu wa nane. Mwavuli, bahasha. Alikuwa ameendelea na mitungi peke yake, akapeleka chipukizi kwa mteja yuleyule wa mama yake, na mteja akamtilia pesa kwenye bahasha. Zilikuwa ringgit mia moja na themanini. Akakigeuza kiti.

"Kama kawaida, Ah Meng."

Hisa zenyewe zilikuwa hazipo, akaunti ilikuwa tupu. Nikachukua bahasha, nikaandika risiti. Jioni nikampelekea mke wa Hin ile bahasha aitie benki. Mwezi uliofuata hivyohivyo. Ilikwenda hivyo mpaka nyumba ya Pasir Pinji ilipouzwa kulipia hospitali ya marehemu, mitungi ikavunjwa, na Foong akapelekwa kwenye makao ya kulipia ya wasiojiweza kule Batu Gajah.

Yale mafungu sita nilikaa nayo miezi kumi na saba. Michikichi ilipanda hadi ringgit mbili na sen kumi. Kila ilipopanda nilisema ni ya Foong. Februari ya mwaka 2000 wenye madeni ya Muthiah walinibana hadi maji yakanifika shingoni, nikayauza yote, nikalipa, nikabaki na kazi yangu. Nilijiapiza kwamba nitayanunua tena. Sikuyanunua. Huo ndio ukweli, na hakuna mtu niliyepata kumwambia kabla ya leo.

Za benki zilikwisha mwaka wa sita. Foong akahamishwa kwenye makao ya hekalu, vitanda vinane chumba kimoja, uji asubuhi, wali na mboga mchana. Hin analipa nusu na hekalu linabeba nusu. Mimi nilimtembelea kila kumi na tano nilipoweza, na pakiti ya biskuti, zile za kampuni yake. Kila mara alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na vipande vya gazeti, tikiti za basi, mara moja jani. Na mimi nikaandika risiti kwenye kitabu cha zamani cha ukumbi, kwa sababu asipopata risiti anakataa kula.

Katikati ya mwaka 2008, soko likiwa linaanguka tena na simu yangu ikilia kutwa, nilimkuta amekaa kitandani, nywele zimechanwa kwa maji, amevaa blauzi ya sherehe. Hakunipa bahasha. Alitoa kikopo cha dawa ya kuchua, kutu imekula kifuniko, akakifungua, akamimina choroko juu ya shuka. Nyingine zilikuwa zimenyauka, nyingine zimetobolewa na wadudu.

"Kimejaa," akasema. "Ah Meng, fungua."

Nikazihesabu, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Zilikuwa mia moja na ishirini na tatu. Miaka kumi, na miezi mitatu ya ziada, na hakuruka hata mmoja, wala wa kuvunjwa mitungi, wala wa kuhamishwa, wala ule wa homa alipolazwa hospitali. Mimi nilikosa. Kaka yake alikosa. Yeye hakukosa.

Alikuwa ananitazama, ametulia, kama mtu aliyefika dukani na pesa kamili. Wanawake wengine wawili wa chumba kile walikuwa wamesogea kuona kitakachofunguliwa.

"Bado kidogo, Foong," nikasema.

Akafikiri. Niliona anafikiri, polepole, akiyatafuta maneno ya mama yake mahali alipoyaweka.

"Sawa," akasema. "Tusichungulie."

Akazirudisha choroko kwenye kikopo, moja moja, akakifunga. Kisha akaniomba nimletee kikopo kingine, maana hiki kimejaa.

Nilimletea wiki iliyofuata. Nilisimama dukani muda mrefu nikichagua, na nikanunua kikubwa kuliko cha kwanza.